Risasi imepasukia begani kulungu akakimbia: nibadili bunduki au nibadili risasi?

"Habari mtaalamu. Nina bunduki ya kaliba .308, nawinda kulungu wa kilo 60 mpaka 80 hivi. Ni msituni, mara nyingi napiga mita 40 mpaka 100, mara chache natokea sehemu ya wazi napiga mita 200. Msimu uliopita nilitumia risasi za greni 150 (karibu gramu 10) zenye ncha ya plastiki. Kulungu mmoja nilimpiga begani kwenye mita 50, akakimbia mbali, tukampata baada ya masaa. Bega lote limesagika, nyama imejaa damu na vipande vya shaba, na upande wa pili risasi haikutoka. Rafiki yangu anasema nihamie FMJ, zile za koti zima zisizopanuka, kwasababu hizi za kupanuka zimepigwa marufuku kimataifa na zinaharibu nyama. Mwingine anasema ninunue bunduki kubwa zaidi. Wa tatu anasema nichukue greni 180 zinapenya hata vichaka. Alafu nasikia kuna za shaba tupu. Nimechanganyikiwa. Nichague ipi, na maboksi yaliyobaki nifanyeje?"

Salama ndugu yangu, na asante kwa kuandika kila kitu, kaliba, greni, umbali, uzito wa mnyama mpaka pale risasi ilipoingia. Wengi wananiuliza tu "risasi gani nzuri ya kulungu" na hapo hamna cha kujibu, ila lako linajibika. Nikupe jibu fupi kwanza ili mengine usome ukiwa umetulia: bunduki yako haina shida, .308 inamtosha kulungu wa kilo 80 na chenji inabaki. Kilichokukuta ni risasi laini kufika ikiwa na kasi kubwa mno alafu ikakutana na mfupa. Dawa ni kubadili muundo wa risasi na kuhamisha kidogo sehemu unayolenga. Katika ushauri wa hao marafiki watatu, mmoja ni wa hatari, mmoja utaongeza tatizo lile lile, na mmoja ni ukweli nusu.

Tuanze na ule wa hatari. Huyo wa FMJ amesikia kitu cha kweli akakipeleka sipo. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilizuia risasi za kupanuka vitani, kati ya majeshi ya nchi zilizokubali. Uwindaji halikuugusa kabisa. Kwenye uwindaji mambo ni kinyume, sehemu nyingi sheria inakulazimisha utumie ya kupanuka na ukikamatwa na FMJ mbele ya kulungu una kesi, mfano England na Wales sheria yao ya kulungu ya 1991 inataka risasi yenye ncha laini au ncha yenye tundu. Sababu ni ya huruma tu. FMJ ina koti la shaba lililofunika ncha yote, kwahiyo mara nyingi inapita mwilini ikiwa na umbo lile lile, inaacha tundu dogo la kuingilia na tundu dogo la kutokea, na kulungu anaondoka na mapafu yaliyotobolewa kidogo tu. Atakufa, ndio, ila anaweza kufa baada ya masaa na mbali sana na wewe, kichakani usikokujua. Nyingine zinapinduka zikiwa ndani na kwenda upande ambao hukuutarajia. Juu ya hapo ikitoka upande wa pili bado ina nguvu kibao na wewe hujui nyuma ya kile kichaka kuna nani. Eti inaokoa nyama, nyama ya mnyama ambaye hukumpata imeokolewa kwa faida ya nani? Achana nayo kabisa, hata ya kujaribu mara moja usiiweke.

Sasa nikueleze risasi inauaje, maana ukilielewa hili unaweza kusimama mbele ya shelfu ya maboksi mwenyewe na usihitaji mtu wa kukuchagulia.

Risasi haimwangushi mnyama kwa kumsukuma. Piga hesabu: greni 150 ni karibu gramu 9.7, ikifika kwenye mita 50 ina kasi ya mita 820 kwa sekunde hivi, kwahiyo hata ikibaki yote ndani ya kulungu wa kilo 70 msukumo wake unatosha kumsogeza sentimita kama 11 kwa sekunde. Hiyo haimwangushi mtu yeyote. Na wewe mpigaji umeupokea msukumo usiopungua huo begani, mbona hukuanguka? Kwahiyo zile habari za "nguvu ya kuangusha" zinazotajwa sana vijiweni zichukue kama stori. Mnyama anaporomoka pale pale kama umegusa uti wa mgongo au mfumo wa fahamu, au mshtuko umeufikia. Tofauti na hapo anakufa kwa kukosa damu na oksijeni kichwani, na ubongo una akiba ya sekunde 10 mpaka 15 hata moyo ukisimama muda huo huo. Sekunde hizo kwa kulungu aliyeshtuka ni mita 50, 100, saa ingine zaidi. Ndo maana nawaambia watu kulungu kukimbia peke yake sio ushahidi kwamba risasi ni mbovu. Wako ulikuwa na ushahidi mwingine, nitaufikia.

Kwahiyo kazi ya risasi ni mbili: ifike ndani kabisa kwenye mapafu na moyo, na ikifika iwe imefungua njia pana ya kutoa damu. Zote mbili zinategemea inavyopanuka. Ncha inagonga mwili, shinikizo la maji maji yaliyo kwenye nyama linaifungua, koti la shaba linapasuka kwenda nyuma na ledi, ile metali laini ya ndani, inatanuka kama uyoga, ile ya milimita 7.8 inakuwa na upana wa karibu mara mbili. Ikipanuka mapema na kwa fujo inatengeneza jeraha kubwa lakini la juu juu, maana ikishakuwa pana na imepoteza uzito haina tena cha kuisukuma mbele. Ikichelewa kupanuka inapita na kuacha tundu jembamba. Hizo pande mbili zinavutana siku zote, na kila risasi uliyowahi kuiona dukani ni jaribio la mtengenezaji kuamua asimamie wapi kati yake.

Na kinachoamua zaidi kuliko chochote ni kasi siku inapogonga. Sio kasi iliyoandikwa kwenye boksi, ile ni ya mdomoni mwa mtutu. Greni 150 kwenye .308 inatoka na kama futi 2,820 kwa sekunde. Kwenye mita 50 bado ina karibu 2,700. Kwenye mita 200 imeshuka kwenye 2,350 na ushee. Umeona hapo? Risasi hiyo hiyo, boksi hilo hilo, inakutana na mnyama katika hali mbili tofauti kabisa. Zile za kawaida za ledi na koti jembamba nyingi zinahitaji angalau futi 1,800 hivi kwa sekunde ili zifunguke vizuri, kwahiyo chini zina nafasi kubwa, ila juu huko kwenye 2,700 zikigonga mfupa baadhi yake zinashindwa kujishikilia.

Rudi kwa kulungu wako. Zile za ncha ya plastiki aina ya kawaida ziko hivi: chini ya plastiki kuna tundu, ikigonga plastiki inarudishwa nyuma kwa nguvu na kulifungua lile tundu. Inasaidia sana mbali ambako kasi imeshuka na risasi inaweza kugoma kufunguka. Wewe umeigongesha kwenye mita 50, kwenye mfupa wa bega. Ikafunguka hapo hapo nje, koti likaachana na ledi, vipande vikasambaa kwenye nyama, na vilivyobaki vyenye uzito wa kuendelea mbele vikawa vichache. Vilifika kwenye pafu moja nadhani, ndo maana alikufa ila kwa kuchelewa, na ndo maana hukuona tundu la kutokea. Bega lililosagika, vipande vya shaba vimeachana na ledi, hakuna kutoka: ushahidi ndo huo.

Lakini usiandike kwamba ncha za plastiki zote ni laini, maana hili watu wanakosea sana. Kuna za plastiki ambazo ndani yake ledi imegandishwa na koti, kuna za plastiki ambazo ni shaba tupu. Plastiki ni kofia tu, na rangi yake ni ya biashara. Cha kuuliza ni nini kiko chini yake.

Sasa chaguzi zenyewe. Ya kwanza ni kubaki na ledi ya kawaida yenye ncha laini ya kizamani, ile ambayo unaona ledi imechungulia mbele, ila upandishe uzito kidogo, greni 165 au 180. Hapa ndo rafiki wa tatu ana ukweli wake. Ukipandisha uzito kwenye bunduki ile ile kasi inashuka, 165 inatoka na karibu futi 2,700 kwa sekunde, 180 karibu 2,600, kwahiyo haifunguki kwa fujo, na kwasababu ni ndefu zaidi kwa unene ule ule inaingia ndani zaidi. Aina hii imeshusha kulungu wengi kuliko nyingine zote, Remington Core-Lokt iko sokoni tangu 1939 na bado watu wanainunua, na mtu anayepiga nyuma ya bega kwenye umbali wa kawaida hana sababu ya kuona aibu kuitumia. Ikigonga mfupa itapoteza uzito, hilo lijue, mara nyingi inabaki na nusu au theluthi mbili hivi.

Ila hapo kwenye "inapenya vichaka" hapana. Hamna risasi inayopenya vichaka. Nyepesi, nzito, nene, ya mwendo wa taratibu, zote zikigusa kijiti zinaweza kuyumba, na kijiti kikiwa mbali na mnyama hata kuyumba kidogo tu kunakupeleka tumboni. Kama kuna matawi kati yako na ubavu, subiri atoke au usipige. Mtu akikuuzia boksi kwa sababu ya vichaka jua amekuuzia hadithi.

Ya pili ni zile ngumu kidogo. Kuna njia mbili za kuzifanya ngumu. Moja ni kuigandisha ledi kwenye koti ili zisiachane hata zikigonga mfupa, hizi kwenye boksi wanaandika Bonded, na huwa zinabaki na asilimia 70 mpaka 90 ya uzito wake. Nyingine ni kuweka ukuta wa shaba katikati ya risasi, nusu ya mbele inafunguka na nusu ya nyuma inabaki nzima inaendelea kusukuma. Hii ni kazi ya John Nosler, Mmarekani ambaye risasi zake zilipasukia kwenye mwili wa mnyama mkubwa jamii ya kulungu aitwaye moose bila kufika ndani, akaenda kutengeneza ya kwake, na 1948 akaanza kuiuza kwa jina la Partition. Miaka yote hiyo imepita na tatizo lake ndo lako, kasi kubwa karibu, mnyama, mfupa.

Ya tatu ni shaba tupu, hakuna ledi hata chembe. Barnes ndo waliozipa umaarufu na risasi yao ya X mwaka 1989 na leo karibu kila kampuni kubwa inazo. Mbele zina tundu lililochongwa, zikigonga zinafunguka kama ua lenye petali nne au zaidi na kuishia hapo, hazimeguki, zinabaki na uzito karibu wote. Kwenye mita 50 na bega zingekufaa kweli kweli. Nyama inayoharibika huwa ni ndogo na kutoka upande wa pili ni jambo la kawaida kwake, kitu ambacho wengine wanakiita kupoteza nguvu lakini mimi nakipenda, tundu la pili linaacha damu ardhini na damu ndo inakuonyesha njia. Sharti moja tu, nyuma ya mnyama kuwe na udongo wa kuipokea.

Zina masharti mengine. Shaba ni nyepesi kuliko ledi, kwahiyo risasi ya shaba ya greni 150 ni ndefu kuliko ya ledi ya greni 150, na risasi ndefu inahitaji mtutu wenye msokoto (ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi) wa kasi zaidi ili isiyumbe hewani. Kwenye .308 nyingi utakuta msokoto wa mzunguko mmoja kwa inchi 10 au 12. Kama wako ni 12 shuka mpaka greni 130 au 150, wala usiogope kushuka, kwa sababu haipotezi uzito njiani greni 130 ya shaba inaweza kutoka upande wa pili ikiwa na uzito zaidi ya 165 ya ledi iliyomeguka. Hata sheria zimeanza kuliona hili, Scotland walikuwa wanadai angalau greni 100 kwa kulungu wakubwa, mwaka 2023 wakashusha mpaka 80 ili watu waweze kutumia zisizo na ledi. Sharti lingine ni kasi ya chini, shaba ni ngumu kufunguka ikichoka, nyingi zinataka futi 1,800 mpaka 2,000 kwa sekunde, soma ya kwako mtengenezaji kasemaje. Kwa umbali wako hata mita 200 upo salama. Mtu wa mita 400 na .308 ningemwambia afikirie mara mbili. Na njia ya jeraha huwa nyembamba kidogo kuliko ya ledi inayomeguka, kwahiyo kulungu aliyepigwa mapafuni anaweza kwenda hatua kadhaa zaidi kabla hajalala. Usishtuke.

Kuna jambo la ledi kwenye nyama na hukuuliza ila siwezi kulipita kwasababu umesema ulikuta vipande. Vile ulivyoviona ni vile vikubwa. Mwaka 2009 jarida la PLoS ONE lilichapisha utafiti wa Marekani ambapo kulungu 30 waliopigwa na risasi za ledi walipigwa eksrei, alafu wakapelekwa kuchinjwa na kufungashwa kama kawaida, na nyama ya kusaga ikapigwa eksrei tena. Vipande vidogo vidogo vya chuma vilikutwa kwenye pakiti za kulungu wengi tu, vidogo kiasi kwamba mtafunaji hawezi kuvisikia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha ledi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto na mama wajawazito. Sikutishi, watu wamekula nyama hii miaka mingi, ila kama nyumbani kuna watoto wadogo hilo peke yake kwangu linatosha kuamua shaba. Ukibaki na ledi kata pembeni ya jeraha kwa ukarimu, zaidi ya pale ambapo damu imeishia, na nyama iliyovilia damu usiisage wala usiisuuze ukadhani imesafika. Alafu angalia sheria za unapowinda, California ledi imekatazwa kwenye uwindaji wote tangu Julai 2019, Denmark wamekataza risasi za ledi za bunduki hizi tangu Aprili 2024, na orodha inaongezeka.

Bunduki kubwa zaidi. Mkuu, fikiria kidogo. Tatizo lilikuwa kasi kubwa mno karibu. Ukichukua .300 magnum, yenye risasi ya unene ule ule ila baruti nyingi zaidi, ukaweka risasi laini ya greni 150 inatoka na futi 3,200 na zaidi kwa sekunde, kwenye mita 50 itapasuka vibaya kuliko hii. Utapata kishindo kikubwa, bega lako litaanza kuogopa, kidole kitaanza kuvuta kwa kushtua na risasi zitaanza kwenda sipo. Hamna kitu umetatua. Pesa ya bunduki nunulia risasi za mazoezi.

Ningekuwa mimi na .308, msituni, mita 40 mpaka 100, kulungu wa kilo 60 mpaka 80? Ningeanza na shaba tupu, greni 150 kama mtutu unaipenda, 130 kama hauipendi. Kama shaba haipatikani au bunduki imeikataa ningechukua ledi iliyogandishwa ya greni 150 au 165. Nisingechukua 180 ngumu sana, kwasababu hapo unageukia kosa la upande wa pili: zimetengenezwa kwa wanyama wa kilo mia kadhaa, na kulungu mwembamba akipigwa mbavuni tu inaweza kupita kabla haijafunguka vya kutosha. Ugumu ukizidi unarudi kule kule karibu na FMJ. Zile za kulengea mashindano pia usichukue, hata kama zina tundu kwenye ncha, tundu lile limetokana na utengenezaji na nyingi hazikukusudiwa kufunguka kwenye mwili, zingine zinapita zingine zinapasuka, huwezi kujua. Na za wanyama wadogo waharibifu usiguse kabisa, zile ni za kupasuka juu ya ngozi. Habari za risasi inayokata hewa vizuri nazo ziache, kwenye mita 200 kushuka chini hazikuhusu.

Ila naomba unielewe, hata risasi nzuri ya dunia isikuzoeshe kulenga bega la mbele. Nyuma tu ya bega, pale mguu wa mbele unapoishia, theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili (miguu usiihesabu) kutoka chini, hapo kuna mbavu nyembamba na nyuma yake mapafu yote mawili na sehemu ya juu ya moyo. Hapo risasi haikutani na mfupa mzito, nyama inayoharibika ni ya mbavuni ambayo hata hivyo ni kidogo. Kulungu akiwa amekupa ubavu kamili au amegeuka kidogo anaondoka, piga. Akiwa amekuelekea kwa pembeni, pale ambapo lazima upitie begani, na wewe una risasi laini, subiri ageuke. Wapo wanaolenga bega makusudi ili asikimbie, inafanya kazi na shaba au iliyogandishwa, ila unalipa kwa nyama na unakuwa na nafasi ndogo ya kukosea.

Baada ya kuchagua kwenye karatasi, bunduki nayo ina kura yake. Chukua boksi moja moja la aina mbili au tatu, safisha mtutu vizuri maana mabaki ya shaba ya risasi za zamani yanaweza kuvuruga majibu, kaa kwenye benchi piga tatu tatu kwenye mita 100, acha mtutu upoe katikati. Kundi la matundu lenye upana wa sentimita 5 linatosha kabisa kwa kazi yako, eneo la kuua la kulungu ni kama sentimita 20 kwa upana. Usikimbizane na kundi la kujipigia picha. Ukipata inayokaa vizuri, rekebisha darubini upya, hii watu wanaisahau kila siku, risasi mbili za greni 150 za kampuni tofauti zinaweza kugonga sentimita kadhaa mbali na mwenzake hata kama darubini haijaguswa. Ukiiweka sawa kwenye mita 100, kwenye mita 200 itakuwa chini kama sentimita 10 na kidogo, ijaribu kwa macho yako usiamini jedwali la boksi peke yake. Alafu ondoka kwenye benchi, piga ukiwa umepiga goti na ukiwa umeegemea mti, kwasababu msituni hamna benchi.

Maboksi yaliyobaki usiyatupe. Ni ya mazoezi, au ya ile siku ya mita 200 kwenye uwazi, mnyama kakupa ubavu, unalenga nyuma ya bega, pale zinafanya kazi yake vizuri tu kama umeirudisha darubini kwa ajili yake. Kitu kimoja, usizichanganye na mpya kwenye magazini moja.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi. Kama hujui msokoto wa mtutu wako na hakuna kilichochorwa juu yake, au bolti imekuwa ngumu kuinua baada ya kupiga, au ganda limegoma kutoka au limepasuka, au praima, kile kiduara cha nyuma ya ganda, imebapa au imetoboka, simamisha kupiga siku hiyo hiyo na umpelekee fundi wa bunduki pamoja na hayo maganda, asiyaone tu kwenye picha. Risasi ya kaliba nyingine kwa kuwa "inaingia" usiweke kamwe, soma kilichopigwa chapa kwenye mtutu na kilichopigwa nyuma ya ganda, viwe kitu kimoja. Risasi alizojaza baruti mtu mwingine nyumbani kwake pia zikatae kwa upole. Ukiona makundi yako yanatawanyika na kila aina ya risasi, mara nyingi ni mpigaji au vifungo vya darubini, mwalimu wa uwanja wa shabaha akisimama pembeni yako anaweza kuona unavyofumba macho kabla ya mlio, mimi kutoka huku sioni. Kaliba inayoruhusiwa, uzito wa chini wa risasi na suala la ledi muulize ofisa wa wanyamapori wa eneo unalowinda, sio rafiki.

Na ukimjeruhi mwingine akaingia msituni, weka alama mahali alipokuwa amesimama na mahali ulipomwona mara ya mwisho, kaa kimya nusu saa, alafu ukaangalie damu. Ya waridi yenye povu ni mapafu, yupo karibu. Nyeusi nzito ni ini, mpe masaa. Yenye rangi ya kijani na harufu mbaya ni tumbo, hapo usimfukuze maana utamwamsha atembee usiku kucha, rudi nyuma na umpigie mtu mwenye mbwa wa kufuatilia kama sheria ya hapo inaruhusu, tena umpigie mapema kabla hamjaikanyaga kanyaga njia.